Ngozi ya kipepeo: Maradhi hayajapata tiba kamili, lakini maumivu yake yanatulizika

KUNA watoto wanaozaliwa na ngozi dhaifu kiasi kwamba kubebwa, kuvishwa nguo au hata kunyonya hutosha kuwaachia malengelenge na vidonda. Maradhi hayo huitwa kitaalamu epidemolisisi bulosa, au EB kwa ufupi. Katika nchi nyingi wagonjwa hao hupewa jina la ‘watoto vipepeo’, kwa kuwa ngozi yao hulinganishwa na bawa la kipepeo ambalo huharibika linapoguswa.

Ni maradhi adimu. Takwimu zilizokusanywa nchini Marekani kwa miaka mingi zilionyesha kwamba katika kila watoto milioni moja wanaozaliwa hai, takriban 20 huwa na EB. Maradhi haya huwapata watu wa kila taifa na kila rangi, wa kike na wa kiume bila ubaguzi.

Kwa sababu EB haijapata tiba ya kuimaliza kabisa, familia nyingi huambiwa kwamba hakuna la kufanya ila kuvumilia. Kauli hiyo imewaletea wagonjwa mateso yasiyo ya lazima. Ukweli ni kwamba kutokuwepo kwa tiba ya maradhi si sawa na kutokuwepo kwa dawa ya maumivu. Maumivu ya EB yanaweza kupimwa, kupunguzwa kabla hayajaanza na kutulizwa yanapotokea, na sehemu kubwa ya kazi hiyo haihitaji mitambo ya gharama kubwa.

CHANZO CHA MARADHI

Ngozi ya binadamu ina matabaka mawili makuu. Tabaka la nje ndilo linaloonekana na kuukinga mwili dhidi ya vumbi na viini. Tabaka la ndani ndilo lenye mishipa ya damu na neva nyingi zinazoupasha ubongo habari za joto, baridi, mguso na maumivu. Matabaka hayo mawili hushikamanishwa na protini za aina mbalimbali zinazofanya kazi mfano wa nanga na kamba za jahazi.

Mtu mwenye EB huwa na hitilafu katika jeni inayouelekeza mwili kutengeneza mojawapo ya protini hizo. Nanga ikikosekana au ikiwa dhaifu, msuguano mdogo tu huyatenganisha matabaka ya ngozi, nayo maji hujaa katikati na kufanya lengelenge.

Jina la maradhi haya lilianza kutumiwa na daktari Mjerumani, Heinrich Köbner, mwaka 1886. Leo wataalamu huyagawa katika aina kuu nne. Aina ya kwanza, EB simpleksi, ndiyo inayopatikana kwa wingi zaidi. Hutokana hasa na hitilafu ya protini ya keratini, na mara nyingi malengelenge yake hujitokeza kwenye nyayo na viganja, hasa wakati wa joto kali.

Aina ya pili hutokea mahali matabaka mawili ya ngozi yanapokutana, na mara nyingi chanzo chake ni upungufu wa protini iitwayo laminini-332. Watoto wengi wenye hali kali ya aina hii hufariki wakiwa wachanga. Aina ya tatu ni EB ya distrofi, inayosababishwa na hitilafu ya kolajeni ya aina ya saba. Vidonda vyake huacha makovu, na katika hali kali vidole hushikana hadi mkono ukawa kama ngumi iliyofungwa. Aina ya nne, inayoitwa Kindler, ni adimu kuliko hizo nyingine.

Maradhi haya hurithiwa kwa njia mbili. Katika familia nyingine, mzazi mmoja mgonjwa anaweza kumpitishia mtoto, na uwezekano huwa nusu kwa nusu katika kila mimba. Katika familia nyingine, baba na mama wote ni wazima lakini kila mmoja amebeba nakala moja ya jeni yenye hitilafu. Hapo, katika kila mimba kuna uwezekano wa robo moja kwamba mtoto atazaliwa mgonjwa. Uwezekano wa wazazi wote wawili kubeba jeni ya namna moja huongezeka wanapokuwa wa ukoo mmoja. Aidha, wakati mwingine hitilafu huanza kwa mtoto mwenyewe bila ya kuwepo kwa yeyote katika familia.

Kwa hivyo EB si laana, si uchawi na wala haisababishwi na alichokula au alichotenda mama wakati wa ujauzito. Vilevile haiambukizi. Mtoto mwenye EB anaweza kulala, kula na kusoma pamoja na wenzake bila ya kuwadhuru.

KWA NINI INAUMA

Ili kuyatibu maumivu ya EB ipasavyo, sharti kwanza ieleweke kwamba hayatoki mahali pamoja wala hayana sababu moja.

Sababu ya kwanza ni lengelenge lenyewe. Maji yaliyonaswa chini ya ngozi huisukuma ngozi iliyo kando, hivyo lengelenge huendelea kupanuka na kuuma. Linapopasuka, tabaka la ndani hubaki wazi pamoja na ncha za neva zake. Hapo hata upepo, maji ya kawaida au nyuzi za nguo huwa adhabu.

Sababu ya pili ni uvimbe. Mwili unapojaribu kuponya kidonda hutoa kemikali zinazozifanya neva ziwe nyepesi kusisimka. Kidonda kikiingiwa na viini, kemikali hizo huzidi. Ndiyo maana kidonda ambacho jana kilikuwa kikivumilika kinaweza leo kumliza mtoto usiku kucha.

Sababu ya tatu imefahamika katika miaka ya karibuni. Mwaka 2011, watafiti wa mjini Berlin, Ujerumani, walionyesha kwamba protini ya laminini-332 huzuia baadhi ya neva za ngozi zisisisimke ovyo kwa mguso. Mahali protini hiyo inapokosekana, kizuizi hicho hupotea. Yaani hitilafu ile ile inayoifanya ngozi ichubuke inaweza pia kuifanya ihisi mguso kupita kiasi.

Sababu ya nne ni madhara kwa neva zenyewe. Uchunguzi wa wagonjwa wenye EB kali ya distrofi nchini Chile, uliochapishwa mwaka 2017, ulibaini kwamba nyuzi ndogo za neva katika ngozi yao zilikuwa zimepungua na kudhoofika. Neva zilizoharibika hutuma ishara za maumivu hata pasipo na kidonda. Mgonjwa husema anaungua, anachomwa kama kwa sindano au anapigwa na umeme. Maumivu ya namna hii hayasikii sana dawa za kawaida na huhitaji dawa za kundi jingine, kama itakavyoelezwa hapa chini.

SI NGOZI PEKEE

Maumivu ya EB huenda mbali zaidi ya ngozi inayoonekana. Kinywa na umio vina utando unaoweza kufanya malengelenge vilevile, hasa katika EB ya distrofi. Makovu hulifanya koo kuwa jembamba, na mtoto hushindwa kumeza ugali au hata mate yake. Madaktari wanaweza kulipanua kwa puto dogo maalumu mgonjwa akiwa amelazwa usingizi.

Macho nayo hupata michubuko inayouma vikali, na mgonjwa hukaa siku mbili tatu akiwa ameyafumba katika chumba chenye giza. Ngozi iliyo kwenye njia ya haja kubwa hupasuka. Mtoto huogopa kwenda haja kwa sababu ya uchungu, choo hukauka na kuwa kigumu, nacho kikitoka huzidisha jeraha. Mambo hayo hufuatana kama mnyororo, na kuukata mapema kwa maji ya kutosha, uji, matunda laini na dawa ya kulainisha choo ni tiba ya maumivu kama ilivyo tembe yoyote.

Isitoshe, watoto wasiotembea sana na wasiopata lishe ya kutosha huwa na mifupa dhaifu inayouma mgongoni na miguuni. Upungufu wa damu, ambao ni wa kawaida katika EB kali, huwaongezea uchovu na kuwapunguzia uwezo wa kustahimili.

Kuna onyo moja ambalo halifai kupuuzwa. Vijana na watu wazima wenye EB kali ya distrofi wamo katika hatari kubwa ya kupata saratani ya ngozi. Kidonda kisichopona kwa wiki nyingi, kinachoota nyama au ambacho maumivu yake yamebadilika ghafla, sharti kichunguzwe na daktari bila kuchelewa.

KUPIMA MAUMIVU

Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijua maiti. Maumivu ni ya mwenyewe, na kosa kubwa linalofanyika nyumbani na hospitalini ni mtu mwingine kuamua kwamba mtoto ‘amezoea’. Mtoto mwenye EB ambaye halii si lazima awe hana maumivu. Wengi hunyamaza kwa sababu wamejifunza kwamba kilio hakileti msaada, au kwa kuwa kulia kwenyewe hutonesha vidonda vya uso.

Mtoto wa umri wa miaka minane hivi na zaidi anaweza kuulizwa atoe alama, sufuri ikiwa hana maumivu na kumi ikiwa ni maumivu makali kupita yote. Aliye mdogo zaidi, kuanzia miaka minne au mitano, huonyeshwa michoro ya nyuso kutoka ule uliotulia hadi ule uliokunjamana, naye huchagua unaofanana na anavyohisi.

Kwa mtoto asiyeweza kusema, mhudumu huangalia mambo matano, yaani uso, miguu, mjongeo wa mwili, kilio na jinsi anavyobembelezeka. Kila jambo hupewa alama kati ya sufuri na mbili, na jumla huwa kati ya sufuri na kumi. Jambo la maana ni kwamba alama ziandikwe kabla na baada ya dawa. Daktari akipelekewa daftari lenye alama za wiki mbili, saa na mahali palipouma, huwa na msingi imara wa kuchagua dawa kuliko akiambiwa tu kwamba mtoto ‘anaumwa sana’.

KINGA YA KILA SIKU

Maumivu yaliyozuiwa ni bora kuliko yaliyotibiwa. Mtoto mchanga mwenye EB hanyanyuliwi kwa kushikwa makwapani, kwa maana uzito wake wote hukaa juu ya ngozi inayosuguliwa. Huingiziwa mkono mmoja chini ya makalio na mwingine nyuma ya kichwa na shingo, au hubebwa juu ya mto mwororo au sponji. Nguo zake huvalishwa zikiwa zimegeuzwa ndani nje ili mishono isimkwaruze. Vaselini hupakwa kwenye midomo yake na kwenye chuchu ya mama kabla ya kunyonya.

Lengelenge jipya halifai kuachwa likapanuka. Hutobolewa kwa sindano mpya isiyo na viini, upande wa chini ambako maji yatatiririka, kisha hukandamizwa taratibu kwa kitambaa safi. Ngozi iliyo juu yake haibanduliwi, kwa sababu ndiyo kifuniko bora zaidi cha neva zilizo chini.

Plasta na utepe wowote wa kunata haviruhusiwi kugusa ngozi. Hospitalini, wauguzi wanapaswa kukumbushwa jambo hilo mapema. Mrija wa mshipani hufungiliwa kwa bandeji ya kuzungushia au utepe wa silikoni, na mkono huviringishiwa pamba au kitambaa laini kabla ya kupimwa shinikizo la damu. Dawa za kuingizia njia ya haja kubwa huepukwa kwa kuwa huchubua.

SAA YA BANDEJI

Wagonjwa wengi husema kwamba hakuna wakati mgumu kama ule wa kuoga na kubadilishiwa bandeji. Katika hali kali, kazi hiyo huchukua saa kadhaa na hurudiwa kila siku au kila baada ya siku moja. Mtoto huanza kutetemeka anapoona beseni likiandaliwa, na hofu hiyo huyazidisha maumivu yenyewe.

Mapendekezo ya kwanza ya kimataifa kuhusu tiba ya maumivu ya EB, yaliyochapishwa na jopo la wataalamu mwaka 2014, yaliupa wakati huo uzito wa pekee. Dawa ya kunywa hupewa nusu saa hadi saa moja kabla ya kazi kuanza ili iwe imeshika, wala si baada ya kilio. Chumba huwa na joto la wastani na upepo huzuiwa. Vifaa vyote hukatwa na kupangwa kabla ya kidonda kufunguliwa, kisha hufunguliwa sehemu moja moja badala ya mwili mzima kwa pamoja.

Maji ya kuogea yakitiwa chumvi hupunguza mchomo, kwa sababu hukaribiana na umajimaji wa mwili kuliko maji matupu. Kipimo ni gramu 90 za chumvi ya kawaida kwa lita 10 za maji yaliyochemshwa na kuachwa yapoe hadi kuwa vuguvugu. Bandeji iliyoganda haivutwi. Hurowekwa katika maji hayo hadi ilegee yenyewe.

Bandeji zinazofaa ni zile zisizoshika kidonda, hasa za silikoni laini. Mahali zisipopatikana, shashi iliyolowekwa vaselini kwa wingi ni afadhali mara nyingi kuliko shashi kavu, ambayo hung’oa ngozi mpya kila inapoondolewa.

Mtoto mwenyewe apewe usemi. Akiruhusiwa kuchagua kidonda cha kuanza nacho, kuhesabu hadi kumi kabla ya bandeji kufunguliwa na kusema ‘ngoja’ akaheshimiwa, hofu hupungua. Hadithi, nyimbo, kuvuta pumzi polepole na michezo ya simu si mambo ya kumdanganya mtoto. Ubongo unaoshughulishwa hupokea maumivu kwa kiasi kidogo zaidi.

DAWA ZA MAUMIVU

Kwa maumivu madogo, dawa ya kwanza ni parasetamoli. Kipimo cha kawaida kwa mtoto ni miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito wake kila baada ya saa sita, isiyozidi mara nne kwa siku. Kuizidisha huharibu ini. Aibuprofeni husaidia penye uvimbe, lakini hutumiwa kwa ushauri wa daktari, kwa kuwa huweza kudhuru tumbo na figo, hasa kwa mtoto asiyekunywa maji ya kutosha. Aspirini haifai kupewa watoto.

Kwa miaka mingi hatua iliyofuata ilikuwa kodeini. Dawa hiyo hugeuzwa na mwili kuwa mofini, na kasi ya kuigeuza hutofautiana kwa kurithi. Kwa wengine haifanyi kazi kamwe, na kwa wengine, ambao ni wengi zaidi katika maeneo ya kaskazini mashariki mwa Afrika, hugeuka upesi mno na kuhatarisha upumuaji. Mwaka 2013 wasimamizi wa dawa wa Ulaya walizuia matumizi yake dhidi ya maumivu kwa watoto walio chini ya miaka 12, na Marekani ikafuata mwaka 2017 kwa kodeini na tramadoli pia.

Kwa maumivu yanayotoka kwenye neva, madaktari hutumia gabapentini, pregabalini au amitriptilini kwa kipimo kidogo kinachopandishwa taratibu. Dawa hizi huchukua siku au hata wiki kadhaa kabla ya kuonyesha matokeo, hivyo wazazi hawapaswi kuziacha baada ya siku mbili kwa kudhani zimeshindwa. Gabapentini na pregabalini zina manufaa ya ziada, kwa maana hupunguza pia mwasho.

Mwasho ni ndugu wa maumivu katika EB. Hukithiri usiku, humnyima mgonjwa usingizi, na kila anapojikuna hufungua kidonda kipya. Kucha fupi, chumba kisicho na joto, mafuta ya kulainisha ngozi na dawa za kuzuia mwasho kabla ya kulala ni sehemu ya tiba ya maumivu.

MOFINI: HOFU NA UKWELI

Maumivu makali yasiyotulizwa na dawa hizo huhitaji mofini. Hapa ndipo wengi husita. Wazazi huiogopa kwa kudhani ni dawa ya wanaokata roho, nao baadhi ya wahudumu wa afya huogopa kwamba mtoto atakuwa mraibu.

Ni kweli kwamba mofini ni dawa ya kuheshimiwa. Ikizidi huleta usingizi mzito na kudhoofisha upumuaji. Hukausha choo, hivyo dawa ya kulainisha choo sharti iandamane nayo tangu siku ya kwanza. Kwa baadhi ya wagonjwa huzidisha mwasho. Mwili ukiizoea, haikomeshwi ghafla bali hupunguzwa kidogo kidogo kwa maelekezo ya daktari, na nyumbani huwekwa mbali na watoto wengine.

Hata hivyo, mwili kuzoea dawa si uraibu. Mraibu hutafuta dawa ijapokuwa inamdhuru. Mgonjwa huitumia ili aweze kula, kulala na kwenda shule. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu maumivu sugu ya watoto, uliotolewa mwaka 2020, unatambua kwamba mofini inaweza kutumiwa kwa watoto wenye maradhi yanayofupisha maisha, mradi itolewe na wahudumu waliofunzwa. Vilevile unasisitiza kwamba dawa peke yake haitoshi, bali iende sambamba na mazoezi ya viungo na msaada wa kisaikolojia.

Mofini ya kunywa si ghali. Hutengenezwa kwa kuyeyusha unga wake katika maji, na mgonjwa huipata kwenye chupa ndogo. Nchini Uganda, Dkt Anne Merriman alianzisha shirika la Hospice Africa Uganda mwaka 1993 akitumia dawa hiyo, na tangu mwaka 2004 sheria za huko zimewaruhusu wauguzi waliofunzwa maalumu kuiandikia wagonjwa.

Nchini Kenya, Nairobi Hospice ilianzishwa mwaka 1990. Hata hivyo, ripoti ya shirika la Human Rights Watch ya mwaka 2010 ilibaini kwamba ni hospitali chache tu za umma zilizokuwa na mofini ya kunywa, na kwamba watoto ndio waliosahauliwa zaidi. Tangu wakati huo huduma ya kutuliza maumivu imefikishwa katika hospitali kadhaa za kaunti. Mwaka 2014, Baraza Kuu la Afya Duniani lilipitisha azimio la kuyataka mataifa yote kuifanya huduma hiyo kuwa sehemu ya matibabu ya kawaida, kwa watoto na watu wazima.

MATUMAINI MAPYA

Elimu ya jeni imeanza kuzaa matunda. Mwaka 2015, madaktari wa mjini Bochum, Ujerumani, wakishirikiana na maabara ya Profesa Michele De Luca wa Modena, Italia, walimwekea mvulana wa miaka saba ngozi iliyokuzwa kutoka kwa seli zake mwenyewe baada ya jeni yake kurekebishwa. Takriban asilimia 80 ya ngozi yake ilibadilishwa, naye akarudi shuleni.

Mwezi Mei 2023, Marekani iliidhinisha Vyjuvek, dawa ya kupakwa kidondani ambayo huipelekea ngozi jeni nzima ya kolajeni ya aina ya saba. Katika majaribio yaliyohusisha wagonjwa 31, asilimia 67 ya vidonda vilivyopakwa dawa hiyo vilikuwa vimefunga kabisa baada ya miezi sita, ikilinganishwa na asilimia 22 ya vile visivyopata dawa. Ulaya iliiidhinisha mwaka 2025. Dawa nyingine, Filsuvez, inayotokana na gome la mti, iliidhinishwa Ulaya mwaka 2022 na Marekani mwaka 2023.

Kidonda kilichofunga ni chanzo cha maumivu kilichozibwa, na hiyo ndiyo thamani kuu ya dawa hizo. Lakini ni ghali mno, nazo huhitaji kupakwa tena na tena. Kwa familia nyingi za Afrika Mashariki, tegemeo bado ni maji ya chumvi, bandeji isiyonata, parasetamoli iliyopewa kwa wakati na chupa ya mofini inapobidi.

PA KUANZIA

Mzazi anayemshuku mwanawe kuwa na EB anashauriwa kumpeleka kwa daktari wa ngozi, kwa sababu malengelenge ya mtoto mchanga yanaweza pia kutokana na viini au kuungua, na kila chanzo kina tiba yake. Katika ukanda huu, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichofunguliwa Moshi, Tanzania, mwaka 1992 kimewafunza wataalamu kutoka mataifa mbalimbali ya Afrika, wakiwamo wanaohudumu mbali na miji mikuu.

Baada ya maradhi kutambuliwa, familia inapaswa kuomba mambo matatu bila kuona haya. La kwanza ni mpango wa maumivu ulioandikwa, unaoonyesha dawa ya kila siku, ya kabla ya bandeji na ya dharura. La pili ni kuunganishwa na kitengo cha kutuliza maumivu katika hospitali iliyo karibu, hata kama mtoto hayuko mahututi. La tatu ni ushauri kwa wazazi wenyewe, maana mama anayelazimika kumwumiza mwanawe kila siku ili amtibu naye hubeba jeraha.

Chama cha kwanza cha kuwasaidia wagonjwa wa EB duniani, DEBRA, kilianzishwa Uingereza mwaka 1978 na Phyllis Hilton, ambaye binti yake alikuwa na maradhi hayo. Wakati huo wazazi waliambiwa kwamba watoto kama hao hawana mustakabali. Leo wako watu wazima wenye EB walio walimu, mawakili na wazazi. Ngozi yao bado ni dhaifu, lakini waliolelewa na watu walioamini maumivu yao walipata nafasi ya kusoma, kucheza na kulala usingizi.